Sipriani, Roma na Ugomvi wa Ubatizo

Katikati ya karne ya 3 maaskofu wa Karthago na Roma walikosana vikali: mtu aliyebatizwa na wazushi au na waliojitenga, akiomba kuingia Kanisani, abatizwe tena? Sipriani wa Karthago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, alishikilia kwamba nje ya Kanisa hakuna ubatizo wowote. Basi mtu huyo bado hajabatizwa. Stefano I wa Roma alifuata desturi ya mji wake: awekewe mikono tu, yatosha.

Jambo lenyewe lilikuwa la dharura. Dhuluma ya Kaisari Decius mwaka 250 iliwafanya Wakristo wengi waikane imani, na ubishi juu ya kuwapokea tena ulimsukuma padri Novatiani wa Roma ajitenge mwaka 251. Punde wakatokea watu waliobatizwa upande wake, wakibisha hodi. Tarehe 1 Septemba 256 mtaguso wa Karthago uliandika kauli za maaskofu 87, zote zikimuunga mkono Sipriani. Hata hivyo, alipoufungua alisisitiza kwamba asiyekubaliana nao asitengwe. Mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani, na kifodini hicho kikayapa maandishi yake heshima kubwa Afrika nzima ya Kirumi.

Heshima hiyo ilileta taabu baadaye. Mwaka 314 mtaguso wa Arles uliukubali ubatizo uliotolewa nje kwa jina la Utatu. Wadonati, waliojitenga Afrika Kaskazini, wakaendelea kubatiza upya, ngao yao ikiwa Sipriani.

Karibu mwaka 400 Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwa vitabu saba. Hakumshusha Sipriani hata kidogo. Alieleza kwamba Maandiko Matakatifu peke yake hayatiliwi shaka. Barua za maaskofu zaweza kusahihishwa, na hata mitaguso ya awali husahihishwa na ya baadaye. Kisha akatoa hoja iliyo nzito kuliko zote: Sipriani alikosea, lakini hakuvunja ushirika na waliompinga, ilhali Wadonati walilichukua kosa lake wakauacha umoja wake.

Kanisa la Magharibi lilishika msimamo wa Roma kuhusu ubatizo. Lakini katika Kanuni ya Kirumi ya Misa anayetajwa ni Sipriani, kando ya Papa Korneli. Papa Stefano hayumo.