Makala tangulizi: sayansi inaposomwa kabla ya kuhakikiwa

Tarehe 31 Januari 2020, watafiti wa India waliweka mtandaoni makala iliyodai kwamba kirusi kipya cha korona kina vipande vinavyofanana na vya Virusi vya Ukimwi. Uvumi ulivuma kwamba kirusi hicho kimetengenezwa na binadamu. Wanasayansi waliichambua hadharani, wakaonyesha kuwa vipande hivyo ni vifupi mno na vinapatikana kwa viumbe wengine wengi. Baada ya siku chache, waandishi wenyewe waliiondoa.

Hiyo ilikuwa makala tangulizi: andiko linalotolewa kabla ya kuhakikiwa na wataalamu walioteuliwa na jarida.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1961, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianza kuwatumia wanabaiolojia maandiko ya wenzao kwa posta. Majarida yaligoma kuchapisha maandiko yaliyokwisha kusambazwa, na mwaka 1967 mpango ukafa.

Wanafizikia nao walikuwa wakitumiana nakala, lakini zilifika zaidi kwa waliojuana na kwa vyuo vyenye uwezo. Agosti 1991, Paul Ginsparg wa maabara ya Los Alamos alifungua hifadhi ya kompyuta ambayo leo ni arXiv. Mtafiti wa chuo kidogo akaweza kusoma jambo jipya siku ileile wanayolisoma wakubwa. Wanabaiolojia walifuata mwaka 2013 kwa bioRxiv, na watafiti wa tiba mwaka 2019 kwa medRxiv. AfricArXiv, iliyoanzishwa mwaka 2018, hupokea hata maandiko ya Kiswahili.

Je, tuziamini makala tangulizi? Novemba 2002, Grigori Perelman wa Urusi aliweka arXiv makala ya kwanza kati ya tatu zilizofumbua fumbo la hisabati la Poincaré la mwaka 1904. Hakuzipeleka katika jarida lolote. Wanahisabati walizikagua kwa miaka kadhaa, wakakiri kuwa yuko sahihi. Kwa upande mwingine, Mei 2020 The Lancet, jarida lenye wahakiki, lilichapisha utafiti kuhusu dawa ya hydroxychloroquine, uliofutwa Juni 4 kwa sababu takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa.

Muhuri wa jarida pekee hautoshi, na kukosekana kwake si ushahidi wa uongo. Kinachojenga imani ni takwimu kuwekwa wazi na wajuzi wengine kuzikagua. Kwa hiyo gazeti linaporipoti makala tangulizi, lina wajibu wa kusema bayana kwamba haijahakikiwa, hasa pale msomaji anapoweza kuifuata kwa kumeza dawa.