DHIS2 mkoani Rukwa

DHIS2 ni programu huria ya kompyuta inayotumika kukusanya, kuhifadhi na kuchambua takwimu za afya kupitia intaneti. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mfumo wa taarifa za afya wa wilaya". Namba 2 inaonyesha kwamba ni toleo la pili. Nchini Tanzania inatumika kama sehemu ya kielektroniki ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Makala hii inahusu matumizi yake katika mazingira ya Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoa wa Rukwa.

Historia

MTUHA ilienezwa Tanzania katika miaka ya 1990 ikiwa mfumo wa vitabu na fomu za karatasi. Toleo la kwanza la DHIS lilibuniwa Afrika Kusini baada ya mwaka 1994 kwa kutumia Microsoft Access. Kila kompyuta ilikuwa na nakala yake ya hifadhidata, kwa hiyo mafaili yalibebwa kutoka ofisi moja hadi nyingine na kuunganishwa.

Toleo la pili liliendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na kutolewa mwaka 2006. Linafanya kazi ndani ya kivinjari, na nchi nzima inaweza kutumia hifadhidata moja. Kenya iliisambaza kitaifa mwaka 2011. Tanzania, ikisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa imeifikisha katika mikoa yote kufikia mwisho wa 2013.

Mazingira ya Rukwa

Mkoa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800. Upande wa mashariki ardhi inateremka kwa ghafla hadi bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa magharibi inashuka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, penye vijiji kama Kasanga, Wampembe na Kirando. Wakati wa masika baadhi ya barabara za kuteremka huko hupitika kwa shida, na fomu ya karatasi huweza kuchelewa njiani. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia kwa kuwa ilikuwa nje ya gridi ya taifa.

Muundo wa data

Kwa macho, fomu ya DHIS2 inafanana na lahajedwali kama Excel: ina safu, mistari na visanduku. Tofauti iko ndani. Kila namba huhifadhiwa pamoja na majibu ya maswali matatu: ni kitu gani kilichohesabiwa, katika kituo kipi, na katika kipindi gani. Majina ya vituo huchaguliwa kwenye orodha, hayaandikwi upya. Katika lahajedwali, "Zahanati ya Kasanga" na "Kasanga Zah." huhesabiwa kuwa vituo viwili, katika DHIS2 kosa hilo ni gumu kutokea. Takwimu za vituo hujumlishwa zenyewe hadi ngazi ya halmashauri, mkoa na taifa.

Matumizi ya kila siku

Kazi huanzia kwenye karatasi. Muuguzi huandika wagonjwa wa nje katika kitabu namba 5 cha MTUHA, wajawazito katika namba 6, watoto katika namba 7 na waliojifungua katika namba 12. Mwisho wa mwezi hujumlisha na kujaza fomu ya ripoti. Kituo chenye kompyuta na mtandao huingiza takwimu zake chenyewe. Kisicho navyo hupeleka fomu halmashauri.

Wakati wa kuingiza data, kisanduku huwa cha njano namba inapotumwa, kisha cha kijani ikishahifadhiwa. Mtandao ukikatika, kivinjari kinaweza kuzitunza namba hadi mawasiliano yarudi, mradi mtumiaji arudi kwenye kompyuta ileile. Programu pia hulinganisha takwimu: kwa mfano, hutoa onyo ikiwa waliopewa dozi ya tatu ya chanjo ni wengi kuliko waliopewa ya kwanza.

Mambo mawili huwachanganya watumiaji wapya. La kwanza ni kitufe cha kukamilisha fomu: asiyekibonyeza huonekana hajatoa ripoti, hata kama visanduku vyote vimejazwa. La pili ni tofauti kati ya sifuri na kisanduku kitupu. Sifuri maana yake hakuna mgonjwa aliyeonekana. Kitupu chaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyehesabu.

Magonjwa ya mlipuko kama kipindupindu hayawezi kusubiri ripoti ya mwezi. Kwa hiyo Tanzania iliunganisha DHIS2 na utaratibu wa kutuma taarifa kwa menyu ya simu ya kawaida, usiohitaji intaneti.

Tatizo la idadi ya watu

Asilimia ya chanjo hupatikana kwa kugawa idadi ya waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo. Makadirio hutokana na sensa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa, na ile ya 2022 watu 1,540,519, ongezeko la zaidi ya nusu katika miaka kumi. Makadirio yakibaki nyuma ya ongezeko hilo, matokeo hupotosha. Chukua mfano wa zahanati iliyokadiriwa kuwa na watoto 200 ilhali wapo 260. Ikichanja 208, mfumo utaonyesha asilimia 104, ingawa watoto 52, yaani mmoja kati ya watano, hawajachanjwa. Anayesoma asilimia bila kuuliza imetokana na mgawanyo gani anaweza kupeleka chanjo na watumishi mahali pengine.

Usiri

Ripoti za mwezi hazina majina ya wagonjwa. Sehemu nyingine ya programu hufuatilia mtu mmojammoja, na Tanzania imeitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma. Taarifa za namna hiyo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila mtumiaji huwa na jina na nywila yake, na huona maeneo aliyoruhusiwa tu. Kuazimana nywila, hata kwa nia ya kusaidiana kazi, huondoa uwezekano wa kujua nani alibadilisha namba.