Njia ya Ufukweni: Gisenyi hadi Rubona
Njia hii ya miguu, inayoanzia karibu na mpaka wa Goma na kuambaa ufuko wa Ziwa Kivu katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hupita katika mji uliokuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ambao mwenzao Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani mwaka 1894, hadi Wabelgiji walipouteka mwaka 1916.

Rubona, kilipo kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, ndiko kwenye mengi ya kutazama: jioni mitumbwi mitatu mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama papasi za mdudu, hutoka na taa kuvua sambaza, yaani dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huku wavuvi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Mbele kidogo, huko Nyamyumba, chemchemi za maji moto hububujika kando ya ziwa lenyewe, na mtembezi aliyechoka huweza kuloweka miguu kabla ya kurejea Gisenyi kwa barabara ya vilimani.