Kuifuata Njia ya Machozi ya Wacherokee

Leo twataka kunena khabari za Wacherokee, watu wa asili wa Marekani, na jinsi wajukuu wao wanavyoitafuta njia waliyopitishwa babu zao.

Mwaka 1835 watu wachache wa taifa lile, bila idhini ya baraza lao, walitia sahihi mkataba huko New Echota, Georgia, wa kuitoa nchi yao yote iliyo mashariki ya mto Mississippi. Mkuu wao, John Ross, aliupinga, wala hakusikizwa. Hata Mei 1838 askari wa Jenerali Winfield Scott wakawatoa watu majumbani, wakawafungia mabomani, kisha wakapelekwa magharibi, katika nchi iitwayo leo Oklahoma. Walihamishwa watu wapata 16,000. Yakadiriwa kuwa 4,000 walikufa.

Njia haikuwa moja. Wengine walichukuliwa kwa mashua. Walio wengi walikwenda kwa nchi kavu, wakipita Tennessee, Kentucky, Illinois na Missouri katika baridi kali.

Basi aitafutaye njia ana mashahidi watatu. Wa kwanza ni karatasi. Mwaka 1842 waliohamishwa waliandikisha mali waliyopoteza: nyumba, mashamba, masufuria, hata kuku na miti ya matunda. Humo mtu aweza kuona jina la babu yake na mahali alipotolewa. Wa pili ni ardhi. Huko Mantle Rock, Kentucky, ambako baadhi yao walingoja barafu ipungue katika mto Ohio, alama za barabara ya kale zaonekana hata sasa. Wa tatu ni vinywa vya wazee, wasimuliao nani alizaliwa njiani na nani alizikwa huko.

Hapana shahidi mmoja atoshaye. Orodha za serikali mara nyingi ziliandika jina la mwenye nyumba tu. Mkewe na watoto wakawa tarakimu. Majina yao yamehifadhiwa na jamaa zao. Na mzee akichanganya mto huu na ule, karatasi na ardhi humsahihisha.

Kazi hii ina faida. Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliifanya njia hiyo kuwa ukumbusho wa taifa. Mwaka 2009, baada ya uchunguzi, likaongeza njia nyingine zilizokuwa zimeachwa. Kwa hiyo jamaa ambao wazee wao walipita huko nao wakapata mahali pa kusimama na kuwataja wafu wao. Maana hesabu ya 4,000 yasikitisha, lakini tumliliaye ni mtu mwenye jina.