Shigeru Ban: Msee wa Tokyo Anayejengea Watu Keja za Karatasi

Ukiambiwa uhamie keja ya karatasi, si utadhani unachezewa? Sasa mjue Shigeru Ban, Mjapani aliyejenga na karatasi mpaka akapewa Pritzker mwaka wa 2014, ile tuzo ambayo wachoraji majengo wote duniani huimezea mate.

Ban alizaliwa Tokyo 1957, akasomea Marekani, halafu 1985 akafungua ofisi yake huko kwao. Mwaka uliofuata alikuwa anatengeneza maonyesho na mbao zilikuwa bei. Akaamua kutumia mirija ya karatasi. Unajua ile karatasi ngumu ya mviringo inabaki tishu ikiisha? Hiyo tu, lakini nene na ndefu. Kumbe ina nguvu noma!

Mwaka wa 1994, Wanyarwanda wengi walitoroka mauaji ya kimbari. Kambini walipewa maturubai, so wakawa wanakata miti ya kuyasimamisha. UN ikaleta vyuma vya alumini, lakini alumini ni doo: wasee wakaviuza, wakarudi kwa miti. Ban akafunga safari hadi Geneva na wazo lake: wapeni mirija ya karatasi, haina soko. UN ikamkubali.

1995 mji wa Kobe ukapigwa na tetemeko la ardhi. Ban akaenda na mbogi ya watu wa kujitolea. Msingi wa nyumba ulikuwa kreti za bia zilizojazwa mchanga, kuta mirija ya karatasi, juu hema. Wakajenga pia kanisa la karatasi. Lilikuwa la muda tu, lakini lilisimama miaka 10, kisha likafunguliwa kipande kwa kipande na kupelekwa Taiwan, ambako lilijengwa tena. Na wewe umeona magorofa mangapi ya simiti yakianguka hata kabla wapangaji waingie?

Usidhani ni kazi za wakimbizi pekee. Jumba la sanaa la Centre Pompidou-Metz kule Ufaransa, lililofunguliwa 2010, alilichora na Jean de Gastines. Christchurch, New Zealand, ilipoharibiwa na tetemeko 2011, aliwachorea kanisa kuu la karatasi linalobeba watu 700. Lilifunguliwa 2013.

Na hata Kenya amefika. Alishirikiana na UN-Habitat kuchora nyumba za wakimbizi wa Kalobeyei, Turkana.

Kwa hivyo kama unasomea mjengo na unawaza tu kuchorea mabazenga majumba, jua kuna msee alichorea waliopoteza kila kitu, na bado akaibeba Pritzker.