Mbio iliyoachwa njiani: Stockholm 1912, na uongo wangu wa kilometa saba

Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kuwaeleza historia ya mbio moja ya mwaka 1912. Lakini lazima nianze na ya kwangu, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini ile ya 1912 ilinikamata.

Nilikuwa mwaka wa tatu agronomia, hapa Lubumbashi. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na jua ya mwezi wa kumi munaijua wenyewe. Kulikuwa mbio ya barabarani ya kilometa 10. Nikajiandikisha, promo yote ikajua. Tulianza na kuchelewa, jua tayari juu ya kichwa. Kwenye kilometa ya saba jasho likakauka, nikasikia baridi, eti baridi katika ile joto! Barabara ikaanza kucheza mbele ya macho. Nikaenda kuketi chini ya muembe, karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza makala. Akanipa kikombe na kuniambia: "Mwana, kunywa mayi kwanza. Barabara haitakimbia."

Nikanywa, nikapumzika, kisha nikapanda pikipiki na kurudi nyumbani. Jioni wenzangu wakauliza: "Ulimaliza?" Nikajibu: "Nilimaliza." Neno moja tu. Nililibeba miaka sita.

Sasa tuende Uswidi. Tarehe 14 mwezi wa saba 1912, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, ilikuwa siku ya marathoni. Kule mwezi wa saba ni kiangazi, lakini kiangazi cha kwao kwa kawaida ni cha upole. Ile siku joto lilifika karibu nyuzi 32 kwenye kivuli. Barabarani hakukuwa kivuli kingi. Na mbio ilianzishwa saa nane kasoro za mchana, saa ambayo hata mkulima wetu huwa ameacha jembe na kwenda kukaa chini ya mti. Walianza watu 68. Karibu nusu yao hawakufika mwisho.

Kati yao alikuwa kijana Mjapani, Kanakuri Shizo, mwanafunzi wa umri wa miaka 20. Japani ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, na ilituma wanamichezo wawili tu: yeye na mkimbiaji wa mbio fupi, Mishima Yahiko. Walisafiri kwa meli, kisha kwa treni kuvuka Siberia yote, zaidi ya wiki mbili njiani. Walipofika, usiku wa kiangazi wa kule hauna giza la kutosha, na usingizi ukawa shida. Chakula kilikuwa kigeni. Mkufunzi wao alikuwa mgonjwa. Miguuni Kanakuri alivaa tabi, viatu vya kitambaa vya kwao. Na mgongoni, kama mnanielewa, alibeba nchi nzima.

Baada ya kilometa 26 hivi mwili ukakataa. Alikuwa katika sehemu ya Sollentuna, nje ya mji. Familia moja iliyokuwa inapumzika katika bustani yake ikampokea na kumpa kinywaji. Alipopata nguvu, hakurudi barabarani. Alirudi mjini kimya, na baadaye akarudi Japani bila kuwaambia wasimamizi wa mbio kwamba ameacha. Aibu ilikuwa imemfunga kinywa.

Siku ile ile, barabara ile ile, kulikuwa kijana mwingine: Francisco Lázaro, seremala kutoka Ureno. Ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya kufungua michezo. Inasimuliwa kwamba alijipaka mafuta mazito mwilini ili jua isimchome ngozi. Karibu na kilometa 30 alianguka. Alipelekwa hospitali, na kesho yake asubuhi akafa. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa Olimpiki za kisasa kufa kutokana na mashindano yenyewe.

Hapa munipe ruhusa niongee kama mtu wa agro. Mwili wa mtu unapoa jasho linapotoka na kukauka juu ya ngozi. Jani nalo linapoa hivyo hivyo: lina vitundu vidogo vinavyotoa mvuke. Ukiziba jani kwa mafuta, chini ya jua kali litaungua. Lázaro alitaka kulinda ngozi, kumbe alikuwa anafunga mlango ambao joto lilipaswa kutokea.

Na kuna jambo lingine ambalo mahindi yalinifundisha shambani. Saa saba za mchana, jua ikiwa kali, muhindi unakunja majani yake sawa vile sigara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasema: "Hii imekufa." Hapana. Inapunguza sehemu inayopigwa na jua ili isipoteze maji. Ukirudi asubuhi ukute majani yamefunguka, mmea uko salama. Ukikuta asubuhi bado yamekunjwa, hapo ndipo kuna hatari. Hakuna mkulima anayeuita muhindi mwoga.

Lakini ile miaka watu hawakuwa na huruma hiyo kwa wakimbiaji. Wengi waliamini kwamba kunywa maji katikati ya mbio kunaleta udhaifu. Miaka minane kabla ya Stockholm, tarehe 30 mwezi wa nane 1904, marathoni ya Olimpiki ilikimbiwa St. Louis, Marekani, nayo katika joto na vumbi, na maji yalipatikana sehemu moja au mbili tu za njia yote. Walianza 32, wakamaliza 14. Kati ya waliomaliza walikuwamo Waafrika wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana wa Afrika Kusini: mmoja wa tisa, mwingine wa kumi na mbili.

Mbio hiyo ya St. Louis ndiyo ilinitoa haya. Mmarekani mmoja, Fred Lorz, alishindwa njiani, akapanda gari na kuwapungia mkono watu. Baadaye akashuka, akakimbia mpaka uwanjani, na watu wakampigia makofi kama mshindi. Uongo ukagunduliwa pale pale, naye akasema ilikuwa mchezo tu. Mara ya kwanza niliposoma habari yake nilicheka. Kisha nikanyamaza. Lorz alikuwa na gari, mimi nilikuwa na pikipiki. Tofauti ingine sikuiona.

Turudi kwa Kanakuri. Wengi wanasimulia kwamba "alipotea miaka hamsini" na kwamba Waswidi walikuwa wanamtafuta. Ni hadithi tamu, lakini mwenye kusoma historia achunguze. Kanakuri alirudi kwenye Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920, na akamaliza marathoni katika nafasi ya 16. Mwaka 1924 akaenda Paris, na pale pia aliacha mbio njiani. Mtu anayekimbia mbele ya dunia nzima mara mbili, amepotea namna gani? Kilichokosekana ni taarifa moja tu ya 1912, ile ambayo aibu ilimzuia kuitoa.

Mwaka 1967 Waswidi walimwalika aje kumalizia mbio yake. Alikuwa mzee wa miaka 75. Akakimbia hatua za mwisho ndani ya uwanja, na muda wake ukatangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, masaa 5, dakika 32 na sekunde 20. Yeye mwenyewe alitania kwamba njiani alipata mke, watoto sita na wajukuu kumi.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa liko katikati ya tarehe hizo mbili. Kanakuri alisomesha na kuzoeza vijana, na alikuwa kati ya walioanzisha, mwaka 1920, mbio ya kupokezana ya wanafunzi wa vyuo vikuu, kutoka Tokyo mpaka Hakone na kurudi. Mpaka leo inakimbiwa kila mwanzo wa mwaka, wakati wa baridi, na Wajapani wengi wanaifuata. Kijana aliyeacha mbio kwa sababu ya jua aliwaachia wanafunzi barabara nzima.

Kwa nini naandika haya leo? Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alijiandikisha kwa ile mbio niliyoacha. Akaja kuniuliza: "Yaya, weye ulimaliza namna gani na ile jua yote?" Nikafungua kinywa kutoa jibu la siku zote. Nikamwangalia. Nikaona kwamba kama ataniamini, kwenye kilometa ya saba atasikia baridi, atajiambia "yaya alivumilia", na ataendelea. Uongo wangu ulikuwa unaweza kumuua.

Nikamwambia: "Sikumaliza. Nilirudi na pikipiki." Akacheka sana, mpaka nikakasirika kidogo. Kisha akauliza swali la maana: "Ulijua saa gani kwamba lazima uache?" Nikamweleza juu ya jasho kukauka, baridi katika joto, barabara kucheza. Nikamweleza anywe maji kabla kiu haijamshika. Siku ya mbio nilikwenda mwenyewe kusimama kwenye kilometa ya saba na chupa mbili. Alikunywa moja, nyingine akajimwagia kichwani, akaendelea mpaka mwisho.

Basi, wenzangu wa promo, kama munasoma hapa: ile siku sikumaliza. Nani mwingine?