Wanjiru Akiwa na Miaka 21: Tumpime na Nani?

Ukitaka kuona watu wakikosana kwa kinyozi hapa Nyeri, uliza swali moja tu: kati ya Samuel Wanjiru na Eliud Kipchoge, nani alikuwa mkali? Dakika mbili haziishi kabla mtu hajatoa ile sentensi ambayo imenichosha: "Wanjiru alikuwa na kipaji, lakini hakufika."

Hakufika wapi?

Huku kwetu mtu hupimwa na rika lake. Wazee walijua hii kitu vizuri: waliotahiriwa msimu mmoja walikuwa rika moja, wakapewa jina moja, na sifa au aibu yako ilihesabiwa ukiwa katikati ya hao. Hakuna aliyekuchukua wewe wa miaka 20 akakusimamisha kando ya mtu wa miaka 36 aulize mbona hujajenga. Lakini kwa Wanjiru ndivyo tunavyofanya kila siku. Tunamchukua kijana aliyefariki akiwa na miaka 24, tunamweka kando ya Kipchoge aliyeshinda dhahabu yake ya pili ya marathoni kule Sapporo mwaka 2021 akiwa na miaka 36, halafu tunatoa hukumu. Mimi nataka tumpime upya, na tuwe wakali, si kumpamba juu ni wa kwetu.

Kwanza tujue alitoka wapi. Ukitoka Nyeri mjini, ushike barabara ya Mweiga, upite Ndaragwa, utatokea Nyahururu, mji uliokaa juu kwa baridi na kupakana na Ikweta. Kiserikali uko Laikipia, ingawa watu wa Nyandarua hawajaacha kuudai. Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986. Jina lenyewe lina hadithi, maana Mkikuyu yeyote anajua Wanjiru ni jina la msichana. Alibeba jina la mama yake, na alilibeba hadi likasomwa uwanja wa Olimpiki.

Nyahururu haikuwa ngeni kwa mbio. John Ngugi ni wa hapo, yule aliyeshinda mbio za nyika za dunia mara tano na dhahabu ya mita 5,000 Seoul mwaka 1988. Eric Wainaina naye ni wa hapo, shaba ya marathoni Atlanta 1996 na fedha Sydney 2000. Wainaina alikuwa amefanyia mazoezi Japani, kama Douglas Wakiihuri kabla yake. Kwa hivyo Wanjiru alipopelekwa Japani mwaka 2002, akiwa na miaka 15, kusoma Sendai Ikuei, njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huruka hii sehemu na ndiyo inaeleza kila kitu. Wakati huo utaratibu wa mkimbiaji wa Afrika Mashariki ulikuwa unajulikana. Unaanza na nyika, unaingia uwanjani mita 5,000 na 10,000, unatafuta medali huko mpaka miguu ipungue kasi, ndipo unahamia marathoni ukikaribia miaka 30. Haile Gebrselassie na Paul Tergat walifuata njia hiyo. Marathoni ilikuwa kazi ya watu wazima. Japani hawafikirii hivyo. Kule mbio kubwa ya shule na makampuni ni ekiden, mbio za kupokezana barabarani, na mtoto wa sekondari anazoea lami mapema. Alipomaliza shule Wanjiru aliajiriwa na timu ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, mtu ambaye mwenyewe alikuwa na fedha ya marathoni ya Olimpiki ya Barcelona 1992. Sasa weka kijana wa Nyahururu mikononi mwa mtu kama huyo na uone.

Mwaka 2005, akiwa na miaka 18, alikimbia mita 10,000 Brussels kwa 26:41.75, rekodi ya dunia ya chipukizi. Wiki mbili na kidogo baadaye akaenda Rotterdam akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni, 59:16, sekunde moja chini ya ile ya Tergat. Hiyo si rekodi ya chipukizi, ni ya wanaume wote. Gebrselassie akaichukua Januari 2006. Wanjiru akairudisha mwaka 2007, na Machi mwaka huo akaishusha mpaka 58:33 kule The Hague. Alikuwa na miaka 20.

Sasa wenzake.

Mkali wa wazi zaidi wa wakati huo alikuwa Kenenisa Bekele, na hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Bekele kabla hajafika miaka 22 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 na alikuwa ameweka rekodi za dunia za 5,000 na 10,000. Siku ile ya Brussels Wanjiru alipoweka rekodi ya chipukizi, aliyekuwa mbele akivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ni Bekele, 26:17.53. Uwanjani Wanjiru hakumfikia kabisa. Kipchoge pia alimtangulia: miaka 18 tu, mwaka 2003 Paris, akawapiga El Guerrouj na Bekele kwenye fainali ya mita 5,000 ya dunia. Kwa hivyo yeyote anayesema Wanjiru alikuwa kijana bora zaidi kuwahi kuvaa viatu, pole, uwanja unakataa.

Lakini uhamishe mizani barabarani uone. Bekele marathoni yake ya kwanza ni 2014, miaka 31. Kipchoge ni 2013, miaka 28, tena baada ya kukosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012. Hebu fanya hesabu hii mbaya kidogo: msimamishe Kipchoge pale umri ulipomsimamia Wanjiru, miaka 24 na nusu. Ana nini? Dhahabu moja ya dunia, shaba ya Athens, fedha ya Osaka, fedha ya Beijing. Ni vitu vikubwa, sisemi sivyo. Lakini hakuna marathoni hata moja. Kipchoge tunayemwabudu leo alikuwa bado hajaanza.

Wanjiru kwa umri huo alikuwa amekimbia marathoni saba. Ameshinda tano, amekuwa wa pili moja, ameacha njiani moja. Ya kwanza ilikuwa Fukuoka, Desemba 2007, akashinda kwa 2:06:39. London 2008 akawa wa pili nyuma ya Martin Lel. Halafu Beijing.

Beijing, 24 Agosti 2008. Joto, unyevu, na hofu ya moshi wa mji iliyomfanya hata Gebrselassie akatae kuikimbia marathoni. Marathoni ya Olimpiki siku hizo ilikuwa ya ujanja: kundi linatembea pamoja, kila mtu anaogopa, mbio zinaanza kilomita ya 35. Wanjiru na wenzake walipita kilomita 5 kwa 14:52 na kilomita 10 kwa 29:25, kwenye joto lile, bila mweka kasi wa kulipwa. Nusu ya kwanza walipita kwa 1:02:34. Watu walidhani ni ujinga wa utoto. Alimaliza kwa 2:06:32. Rekodi ya Olimpiki ya zamani ilikuwa ya Carlos Lopes, 2:09:21, tangu 1984. Yaani kijana aliikata kwa karibu dakika tatu. Kenya, pamoja na majina yake yote, haikuwa imewahi kushinda marathoni ya wanaume ya Olimpiki kabla ya siku hiyo. Dhahabu mbili za Kipchoge zilikuja kwa 2:08:44 na 2:08:38. Najua, njia na hali ya hewa ni tofauti. Nimesema tu.

(Wiki moja kabla, kwenye mji uleule, Catherine Ndereba wetu wa Nyeri alichukua fedha ya wanawake akiwa na miaka 36. Huyo alipokuwa na miaka 21 hakuna aliyemjua nje ya huku. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Mtu wa kumpima Wanjiru kwa haki, kwa maoni yangu, si Kipchoge wala Bekele. Ni Tsegay Kebede wa Ethiopia. Alizaliwa Januari 1987, miezi miwili baada yake. Rika moja kabisa, barabara moja, miaka ileile. Na alikuwa mkali kwelikweli: rekodi ya Wanjiru kule Fukuoka ilidumu mwaka mmoja tu, Kebede akaja 2008 akaivunja kwa 2:06:10. Walikutana kwenye mbio nne kubwa. Beijing, Wanjiru dhahabu, Kebede shaba. London 2009, Wanjiru 2:05:10, Kebede sekunde kumi nyuma. London 2010, Wanjiru akaacha mbio, Kebede akashinda. Chicago, Oktoba 2010, ndiyo ya kuamua, na zawadi ya dola 500,000 ya mfululizo wa marathoni kubwa za dunia ilikuwa juu ya meza. Kilomita za mwisho walipokonyana uongozi mara nyingi mpaka ukadhani ni mita 1,500. Wanjiru akashinda kwa sekunde 19. Matokeo kati yao: tatu kwa moja.

Mtu ataniletea Kelvin Kiptum. Sawa. Naye alitutoka akiwa na miaka 24, Februari 2024, akiwa amekimbia marathoni tatu na kushinda zote, ya mwisho ikiwa rekodi ya dunia ya 2:00:35. Kwa saa, Kiptum yuko mbali mbele. Lakini viatu vya Kiptum na vya Wanjiru si viatu vya dunia moja, na Kiptum hakupata nafasi ya kukimbia Olimpiki hata mara moja. Kitu ninachokiona ni kwamba Kiptum alienda barabarani moja kwa moja bila kupitia uwanjani, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 2007 wangeshangaa.

Na hapana, sijasahau mengine. Mwisho wa 2010 Wanjiru alikuwa anaandikwa zaidi kwa kesi na ugomvi wa nyumbani kuliko kwa mbio, na tuhuma zile zilikuwa nzito. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa. Kupima mbio zake si kumsafisha. Lakini pia tusifanye kifo chake kiwe matokeo ya mbio. Ile sentensi ya kwa kinyozi, "hakufika", inachanganya hivyo vitu viwili: inachukua jinsi alivyoondoka na kukifanya kipimo cha alichofanya.

Rekodi yake ya Olimpiki ilisimama miaka 16. Kipchoge alishinda mara mbili bila kuigusa. Iliondoka Agosti 2024 kule Paris, Tamirat Tola wa Ethiopia, 2:06:26. Sekunde sita tu, na viatu vipya juu. Siku hiyo Wanjiru angekuwa na miaka 37, umri wa watu ambao tunamlinganisha nao. Kama bado una hoja dhidi yake, ilete, ila kando ya kila jina uniandikie na umri.